Mistari Mitatu Juu ya Ramani

Canter haikuwa Umoja.

Inspekta Truphena Adoyo alilijua hilo kabla Konstebo Ochola hajafungua mdomo, maana Ochola alikuwa anarudi polepole, na Ochola hutembea polepole anapokuwa hana kitu mkononi. Walikuwa wamepekua kila ploti nyuma ya soko la Umoja Two, geti kwa geti, hadi ndani ya kanisa moja la mabati ambalo lilikuwa bado linajengwa. Walipata kuku, matangi ya maji, na Canter mbili zenye wenyewe, kila moja na hati zake halali na mwenyewe aliyekasirika.

"Madam, hapa hakuna kitu," Ochola alisema. "Tumecheki mpaka kwa vyoo. Wasee wameanza kutucheka."

"Wacha wacheke. Ingia kwa gari."

Alikuwa na hasira, na hakujisumbua kuificha. Mtu aliyekuwa anatafutwa aliitwa Muthama, dereva wa Canter, lori dogo lililobeba mafuta ya kupikia. Alipotea juzi njiani kutoka Industrial Area, yeye na gari na mzigo. Tajiri wake alikimbilia kituo cha polisi akasema dereva amemwibia, na kituo kikaandika hivyohivyo alivyosema. Basi tangu juzi polisi walikuwa wanamtafuta mwizi, na mwizi hutafutwa kwa starehe zake: kwenye baa, kwa wanawake, kwenye mabasi ya kwenda kwao Mwingi.

Faili ilipomfikia Truphena asubuhi hiyo aliuliza maswali mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. La kwanza alimuuliza mke wa Muthama, Mbeti: je, mumeo alipoondoka alibeba nini? Mbeti akajibu kwamba hakubeba kitu, hata sindano zake za sukari ziko nyumbani. Muthama alikuwa anaishi kwa insulini. Truphena akaifunga faili ya wizi papo hapo kichwani mwake. Mtu anayepanga kutoroka anaweza kumwacha mke, anaweza kuacha watoto, lakini hawezi kuacha dawa inayomweka hai. Muthama alikuwa ametekwa, na kila saa iliyopita bila sindano ilikuwa inamsogeza kaburini.

Swali la pili alimuuliza tajiri: gari lina kidude cha kupiga mlio wa redio, cha kulitafutia likipotea? Tajiri akakuna kichwa, akakumbuka kwamba ndiyo, lilifungwa kimoja chini ya dashibodi mwaka uliopita, na yeye alikuwa amekwisha kukisahau.

Ndiyo sababu sasa walikuwa wanarudi Shauri Moyo, kwa kampuni iliyokifunga na iliyokuwa imewaelekeza Umoja.

Ofisi yenyewe ilikuwa orofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na rangi, na chini yake mafundi waligonga masanduku ya bati kutwa nzima, kiasi kwamba watu wa ofisini walizoea kuongea kwa kupaza sauti. Mbeti alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, chupa ya chai imebanwa magotini. Ndani yake hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu na sindano za mumewe.

Alimtazama Truphena usoni, kisha akatazama chini.

"Bado, Mama Kasiva," Truphena alimwambia. "Lakini hatujamaliza."

Injinia Gedi alikuwa ameinamia ramani ya Eastlands iliyofunika meza nzima. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyesomea mawimbi ya redio ng'ambo na kurudi kufanya kazi Tsavo, akifuata ndovu waliovishwa kola za redio. Truphena alimwona kuwa mtu mwema, ila anayeamini mashine kuliko inavyofaa.

"Gari halikuwepo, Injinia."

"Mistari inakutana pale."

"Mistari ikutane, isikutane, mimi nimetoka pale. Nieleze tena, na unieleze kama unamweleza shangazi yako."

Gedi akachukua rula. "Hatujui Canter iko wapi. Tunajua sisi wenyewe tuko wapi. Mtaji wetu ni huo tu. Tuna vituo vitatu vya kusikiliza: hapa Shauri Moyo, Jericho, na Tena. Kampuni haina uwezo wa kujenga minara, kwa hivyo tumewawekea wafanyakazi redio nyumbani kwao na antena juu ya paa. Kidude kikilia, kila mtu anazungusha antena yake mpaka mlio uwe mkubwa kabisa, anasoma nyuzi kwenye dira, ananiambia kwa simu ya upepo. Mimi napiga mstari kutoka pale alipo."

"Na mistari ikikutana, gari liko hapo."

"Inapaswa. Lakini angalia. Sisi wa hapa na wale wa Jericho tunaangalia upande mmoja, mashariki. Mistari yetu miwili karibu ilale kitanda kimoja. Inaniambia tu kwamba gari liko kwenye ukanda huu, kuanzia Umoja kupita Kayole na kuendelea. Mstari wa Tena ndio unaoukata ukanda. Bila Tena, nitakupa eneo la watu laki moja ukapekue."

"Kwa hivyo kuna mtu kati ya hawa watatu ametudanganya."

"Mawimbi yenyewe hudanganya, Inspekta. Yanagonga mabati, yanarudi. Ndovu hafungiwi nyuma ya mabati." Akasita. "Lakini kama ni mtu, basi Kivuva wa Jericho. Alinyimwa likizo mwezi uliopita akaapa kwamba tutamjua yeye ni nani."

Truphena akakichukua kipaza sauti mwenyewe.

"Jericho, Jericho. Kivuva, huyu ni Inspekta Adoyo. Nasikia uliapa."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti ya mtu aliyeshtuka. "Afande, hiyo ilikuwa hasira tu! Mama yangu alikuwa mgonjwa kule Kitui, nikakatazwa kwenda. Walai siwezi kuchezea maisha ya mtu."

"Tutaona."

Akamgeukia Gedi. "Una njia ya kuwapima? Kitu unachojua kiko wapi, uwaulize kiko wapi?"

Gedi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa nayo. Alitoa kidude kingine kwenye droo, akakitundika dirishani, akakiwasha kikaanza kupiga mlio mmoja baada ya mwingine. Kisha akaviambia vituo viwili vitafute mlio huo na kusoma nyuzi, bila kusema unatoka wapi.

Kivuva alisoma. Gedi akapima kwa rula kutoka Jericho. Mstari ulipita juu ya ofisi yao kana kwamba umechorwa na fundi cherehani.

"Kivuva ni mkweli," Truphena alisema. "Na likizo yake mumpe. Ita Tena."

Wa Tena alikuwa Bedan Wahome, karani wa kampuni, mtu wa makamo, mzee wa kanisa, ambaye hata kwenye simu ya upepo alianza kwa kusalimia. Alisoma nyuzi zake taratibu. Alipokuwa anarudia tarakimu ya mwisho, ngurumo ikameza sauti yake, wakalazimika kungoja ipite.

"Samahani, Injinia, ni ndege. Narudia..."

Gedi alipima, akapima tena. Mstari wa Tena haukuja Shauri Moyo. Ulipita mbali juu yao, ukaelekea Pangani.

"Dira yake imeteleza," Gedi alisema, akishusha pumzi. "Ndiyo hiyo tu. Nitapunguza nyuzi zilizozidi, nipige mstari upya..."

"Ngoja kwanza. Mara ya mwisho wewe mwenyewe kwenda Tena ilikuwa lini?"

"Nilipofunga antena. Mwaka juzi."

"Mimi nimekulia Makongeni, na dada yangu anaishi Tena. Ndege tunazisikia. Lakini pale Tena hakuna mtu anayenyamaza ili ndege ipite. Wanaonyamazia ndege ni watu wa Embakasi, kando ya uwanja wa ndege." Akachukua kofia yake. "Labda dira haijateleza, Injinia. Labda imesimama sawasawa na ni mtu aliyeteleza. Usiguse huo mstari."

Dhana aliyokuwa nayo alipokuwa anashuka ngazi ilikuwa mbaya. Wezi wa magari walikuwa hawafanyi kazi bila mtu wa ndani. Karani wa kampuni, anayejua kidude kimefungwa wapi, aliyewapeleka polisi Umoja wakati gari liko kwingine: Truphena alikuwa amefunga watu kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

*

Nyumba ya Wahome huko Tena ilikuwa na geti la kijani na maua ya kopo. Aliyefungua ni mwanamke kijana mwenye unga mikononi. Alijitambulisha kuwa Wanja.

"Namtafuta Mzee Wahome."

"Wahome? Huyo alihama kitambo, kabla ya zile mvua za El Nino. Sisi ndio tunakaa hapa."

Truphena akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama paa. Nguzo ya chuma ilikuwepo, imefungwa kwa waya. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Alihamia wapi?"

"Hakuna anayejua. Alihama Jumapili, watu wote wakiwa kanisani. Yeye mzee wa kanisa!" Wanja alicheka, kisha akaona uso wa Truphena, akaacha. "Jumapili iliyofuata akaja ibada kama kawaida. Watu wakimuuliza, anasema yuko hapahapa nyuma. Tukadhani amejenga, hataki kujisifu. Amefanya nini, Afande?"

"Hilo ndilo nataka anieleze."

Alirudi kwenye gari. Alijua akienda kumtafuta mtu Embakasi nzima bila anwani, jua litazama Muthama akiwa palepale alipo. Akachukua simu ya upepo ambayo Gedi alikuwa amempa. Alijua pia kwamba ofisi itasikia, Jericho itasikia, na kila mfanyakazi wa kampuni aliye njiani atasikia. Hakuona njia nyingine.

"Tena, Tena. Bwana Wahome, uko nyumbani?"

"Niko, Afande."

"Mimi pia niko nyumbani kwako. Nimesimama getini. Wanja anakusalimia."

Kwenye redio mtu akakohoa.

"Bwana Wahome, uko wapi?"

"Afande, naomba tuongee ana kwa ana. Nitakuja ofisini. Nipe muda nivae..."

"Hakuna muda. Kuna mtu anakufa kwa sukari, na wewe umetutuma Umoja. Sasa hivi mimi nakuhesabu kuwa mmoja wa wezi. Ukitaka nikutoe kwenye hesabu hiyo, sema uko wapi."

"Mimi si mwizi!" Sauti ilipanda, ikavunjika. "Nyuzi nilizokupa ni za kweli. Mungu ni shahidi. Nimezisoma vizuri kabisa."

"Nakubali umezisoma vizuri. Umezisoma ukiwa wapi?"

"Embakasi."

"Embakasi ni kubwa."

Truphena alimsikia akipumua, na nyuma yake sauti za watoto wengi na ndoo zikigongana, kelele za ploti yenye milango mingi na bomba moja.

"Mzee, mficha uchi hazai. Sema."

"Pipeline," Wahome alisema. "Nyuma ya kituo cha mwisho cha magari. Ghorofa ya tano."

Truphena akaachia pumzi. "Injinia, umesikia?"

"Nimesikia." Gedi alikuwa amekwisha kuinama, karatasi ilisikika ikikunjuliwa. "Ngoja... Kipimo cha dirishani kwanza. Kutoka Pipeline nyuzi zake zinakuja... zinakuja juu yetu. Haswa. Dira haikuteleza. Sasa Canter." Rula ikagonga meza. "Si Umoja. Mstari unakata ukanda mbele zaidi. Kayole, upande wa machimbo ya mawe."

Ochola alikuwa amekwisha kuwasha gari.

*

Kayole ya upande ule ilikuwa bado inajengwa: nguzo za zege zikichungulia angani, marundo ya kokoto, na magari ya mawe yakipita kutwa, kiasi kwamba lori moja zaidi halingemshangaza mtu. Gedi aliwakuta pale na redio ndogo ya mkononi. Hapa hapakuwa tena na ramani. Aliiweka redio kifuani, akaanza kujizungusha taratibu barabarani huku akisikiliza. Mlio ulipozimika, alisimama.

"Mwili wangu umeuziba," alisema. "Gari liko mgongoni kwangu."

Walienda, wakasimama, akazunguka tena. Kina mama wa mboga walimtazama wakadhani ni mgonjwa. Mlio ulikuwa dhaifu. Betri kubwa ya gari ilikuwa imetolewa, Gedi alisema, na kidude kilikuwa kinakula akiba yake ya mwisho. Lakini ulikua kadiri walivyosogea; mara tatu alilazimika kupunguza sauti ya redio, na kila alipopunguza waliongeza mwendo. Walifika kwenye geti la bati jeusi, na hapo redio ikalia pande zote, hata alipojizungusha.

"Ni hapa."

Ochola aliruka ukuta. Ndani kulikuwa na mlinzi mmoja aliyeinua mikono kabla hajaulizwa kitu. Canter ilikuwa chini ya turubai, haina mafuta ya kupikia, haina betri, haina nambari. Mlinzi alisema, bila kupumua, kwamba aliambiwa ni gari bovu, kwamba aliyekodi ploti anaitwa Naftaly na ana duka la vipuri Gikomba, kwamba nyuma amekatazwa kufungua.

Truphena alifungua nyuma.

Muthama alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya mbao, mikono imefungwa kwa mpira wa tairi. Hakuwa na jeraha. Hakuna aliyempiga. Midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka, na karibu na kichwa chake kulikuwa na chupa ya soda ambayo wezi walikuwa wamemwachia kwa huruma yao, soda ya sukari, sumu kwa mtu kama yeye, naye alikuwa ameinywa yote. Truphena alipiga magoti, akamshika shingoni, akasubiri. Akashika tena upande wa pili.

"Madam?" Ochola alisema.

"Bado ana joto," Truphena alisema. "Amekufa leo. Pengine tulipokuwa Umoja."

Alikaa pale kidogo kuliko alivyotaka, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Alimtuma Ochola na mlinzi kwenda Gikomba kumkamata huyo Naftaly kabla habari haijamfikia. Aliamuru chupa isiguswe. Aliandika kifo, si wizi, na jina la Muthama akalitoa kwenye orodha ya washukiwa kwa mkono wake mwenyewe, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kufurahia hilo. Alikuwa na uchungu, na si uchungu wake wote uliotokana na wezi.

*

Mbeti hakulia alipoambiwa. Aliuliza.

"Asubuhi mlienda Umoja."

"Ndiyo."

"Alikuwa hai asubuhi?"

Truphena angeweza kusema hajui. Wengi wangesema hivyo. "Nafikiri alikuwa hai, Mama Kasiva."

Mbeti akatikisa kichwa kidogo. Chini mafundi waligonga mabati yao. Gedi alikuwa amesimama ukutani akiwa hajui mikono yake aiweke wapi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bedan Wahome. Alikuwa amevaa suti ya Jumapili na tai, na viatu vyake vilikuwa na tope jeusi hadi kwenye kamba. Alitazama nyuso zao moja moja, na hakuhitaji kuambiwa. Truphena alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia, lakini sheria haikuwa na kifungu cha mtu anayedanganya anakoishi, na alipomwona vile hakuwa na hamu tena.

"Mama," Wahome alisema, "mimi ndiye Wahome."

"Nimekusikia kwa redio."

"Kodi ya Tena ilinishinda. Nikaona haya. Nilijiambia ni kwa muda tu, nitarudi kabla mtu hajajua. Mimi ndiye ninayeongoza maombi pale. Watu wakijua mzee wao anaishi Pipeline, anapanga foleni ya maji na..." Alishindwa kumaliza. "Sikufikiria redio. Nakuapia, Mama, niliibeba pamoja na viti na vitanda, nikaifunga, ikafanya kazi, basi. Sikufikiria kwamba inataka kujulikana iko wapi. Niliona haya tu."

Mbeti alimtazama kuanzia tai hadi kwenye tope la viatu.

"Sisi tunakaa Pipeline," alisema.

Wahome akaishika tai yake.

"Tuko pale miaka mitatu. Maji tunapanga foleni. Na mtu yeyote aliyemuuliza Muthama anakaa wapi, alimwambia."